Mchezo wa Kale Usiozeeka

Michezo ya kompyuta huzeeka upesi kuliko nguo. Ule unaosifiwa mwaka huu, baada ya miaka mitatu hautajwi tena. Mashine zimebadilika, picha zake zaonekana dhaifu, na vijana wamekwisha kukimbilia mwingine. Hata hivyo uko mchezo mmoja uliotolewa mwaka 1992, ambao siku za kutoka kwake ulikuwa na kasoro nyingi, na ambao mpaka leo una watu wanaoucheza na kuusimulia. Jina lake ni Darklands, maana yake Nchi za Giza. Habari zake ni za Ujerumani katika karne ya 15, karne ile ile ambayo Mreno Diogo Cão alifika kwenye mlango wa mto Kongo, mwaka 1482.

Utauliza, ndugu msomaji: Jambo hilo latuhusu nini sisi watu wa Kipushi? Twajibu ya kwamba latuhusu kwa njia tatu. Kwanza, ndani ya mchezo huo mna migodi na pepo wa migodini, nasi tumekaa juu ya mgodi. Pili, mna watakatifu wa Kanisa, nasi yatupasa kujua jinsi wanavyotajwa. Tatu, wazee wa Katanga hii walikuwa na njia yao ya kuingiza mtu katika nchi ya kale, kwa ubao mdogo wa mti na shanga, na njia hiyo ilidumu zaidi kuliko mashine yoyote. Basi tuyatazame hayo moja moja.

1. Mchezo wenyewe

Darklands ulitengenezwa Marekani na kampuni ya MicroProse, na mkuu wa kazi hiyo alikuwa Arnold Hendrick. Kabla yake michezo ya namna hiyo ilikuwa mingi, lakini karibu yote ilitumia nchi za kubuni, zenye majina yasiyo kwenye ramani yoyote. Hendrick na wenzake walifanya vingine. Walichukua ramani ya Dola Takatifu la Roma, wakaweka miji yake ya kweli: Köln, Nürnberg, Augsburg, Lübeck na mingine mingi. Mchezaji huongoza watu wanne wanaotembea toka mji hadi mji, wakitafuta kazi, riziki na sifa.

Tena watu hao hawaanzi wakiwa mashujaa. Mchezaji huchagua kwanza walizaliwa katika nyumba gani: ya mkabaila, ya mfanyabiashara, ya fundi, au ya mkulima maskini. Halafu huchagua kazi walizofanya, miaka mitano mitano: huyu alikuwa askari, yule mwanafunzi, mwingine mtawa. Kila miaka mitano yamwongezea mtu ujuzi, lakini yamwongezea pia umri, na uzee humpunguzia nguvu. Anayetaka mwenye elimu nyingi hana budi kukubali mwenye magoti mabovu. Katika hilo mchezo wasema kweli kuliko vitabu vingi vya mashujaa.

Fedha zake ni zile za wakati ule: florini, groschen na pfennig. Saa za siku hazihesabiwi kwa mishale ya saa, bali kwa sala za Kanisa: sala ya alfajiri, sala ya saa tatu, ya saa sita, ya saa tisa, masifu ya jioni, na sala ya mwisho wa siku. Mababu zetu waliowajua Wabenediktini wa abasia ya Mt. Andrea karibu na Brugge, waliofika Katanga mwaka 1910, wangetambua mara moja hesabu hiyo ya siku. Kengele ya watawa ndiyo iliyowaambia watu wa kando ya misioni ya kwamba mchana umefika au jua linatua.

Lakini jambo kubwa la mchezo huu ni hili. Watengenezaji hawakusema, "Tutaonyesha Ujerumani kama wataalamu wa leo wanavyoijua." Walisema, "Tutaonyesha Ujerumani kama wenyeji wake wa wakati ule walivyoiamini." Basi kila jambo ambalo mkulima wa mwaka 1450 aliliogopa au kulitumaini, mle ndani ni kweli. Joka lipo mlimani. Pepo wapo mgodini. Mwenye elimu ya alkemia huchanganya madini akapata dawa zenye nguvu. Na mtu akimwomba mtakatifu kwa moyo safi, hujibiwa.

Wamo watakatifu zaidi ya 100. Mchezaji hawezi kumwomba asiyemjua. Hana budi kujifunza kwanza habari zake kwa wenye elimu ya dini. Tena, mtu mwovu akiomba hasikilizwi kama mwenye wema. Kuna Misa, kuna sadaka, kuna watawa. Mtoto asiyekuwa Mkristo aliyeucheza mchezo huo alijifunza majina ya watakatifu ambayo Wakristo wengi hatuyajui.

Hapo yatupasa kusema neno moja la wazi. Mtakatifu si dawa ya dukani, ambayo ukilipa bei yake hupewa. Mchezo huhesabu neema kama mtu anavyohesabu groschen: hii ya kutumia leo, hii ya kuweka kesho. Mungu hahesabiwi hivyo. Twaomba maombezi ya watakatifu kwa kuwa wao ni ndugu zetu walio mbele yake, wala si kwa kuwa tumejua siri ya kuwalazimisha. Mzazi akimweleza mwanawe hayo, mchezo hautamdhuru. Asipomweleza, mtoto aweza kuanza kusali kama mtu abonyezaye kitufe.

2. Kobold na kobalti

Sasa tushuke mgodini. Katika milima ya Saksonia, mpakani pa Ujerumani na Bohemia, watu walichimba fedha tangu zamani. Wachimbaji hao waliamini ya kwamba ndani ya mwamba mnakaa vijitu vifupi, vikorofi, viitwavyo kobold. Kobold huzima taa. Kobold huangusha mawe. Na kobold huiba fedha iliyomo ndani ya jiwe na kuacha takataka badala yake.

Haya hayakuwa maneno matupu. Wachimbaji waliona kwa macho yao jiwe zito lenye kung'aa, wakadhani wamepata fedha. Walipoliyeyusha motoni hawakupata fedha yoyote, bali moshi wa sumu uliowaumiza mapafu, kwani jiwe lile lilikuwa na aseniki ndani yake. Wakasema, "Kobold ametuchezea," na jiwe lenyewe wakaliita kwa jina lake. Mwaka 1556 kilitolewa kitabu kikubwa cha Georgius Agricola juu ya kazi ya madini. Agricola alikuwa mganga katika mji wa wachimbaji wa Joachimsthal, mtu wa elimu aliyepima na kuandika kila kitu. Naye pia aliandika juu ya pepo hao wa chini ya ardhi.

Kama miaka 180 baadaye, mnamo 1735, mtaalamu wa Uswidi aitwaye Georg Brandt alionyesha ya kwamba ndani ya jiwe lile mna chuma cha namna yake, kisichojulikana bado. Akakiacha na jina la kobold. Ndicho kobalti. Leo sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia yote hutoka nchini kwetu, katika Haut-Katanga na Lualaba. Kila lori linalopita barabara ya Likasi na mzigo huo labeba jina la kijitu cha hofu za wachimbaji wa Saksonia.

Tena kuna habari nyingine iliyo karibu zaidi nasi. Mwaka 1886, katika mji wa Freiberg ulio katika milima hiyo hiyo, mtaalamu Clemens Winkler aligundua kitu kipya katika jiwe la mgodi, akakiita germani kwa heshima ya nchi yake. Mgodi wetu wa Kipushi, ulioanzishwa na Union Minière katika miaka ya 1920 na kuitwa Prince Léopold, ulijulikana duniani si kwa shaba na zinki tu, bali kwa germani hiyo. Mgodi ulisimama mwaka 1993, ukalala zaidi ya miaka 30, ukaanza kutoa zinki tena mwaka 2024. Kwa hiyo kijana wa Kipushi asomaye habari za migodi ya Ujerumani ya kale hasomi habari za wageni kabisa. Majina yao yamo katika udongo wetu.

Na pamoja na majina ilikuja pia ibada. Wachimbaji wa Ulaya walijiweka chini ya ulinzi wa Mt. Barbara. Masimulizi yasema ya kwamba baba yake, Dioscorus, alimfungia ndani ya mnara. Barbara akataka mnara uwe na madirisha matatu kwa ajili ya Utatu Mtakatifu. Baba akamkata kichwa kwa mkono wake, na radi ikampiga baba. Kwa sababu ya radi hiyo, wote wanaofanya kazi na moto na baruti, na wote wanaoogopa kifo cha ghafula, walimkimbilia. Wabeligiji walileta sikukuu yake, tarehe 4 Desemba, katika kambi za wachimbaji wa Katanga. Mwaka 1969 Kanisa liliiondoa sikukuu hiyo katika kalenda ya Misa kwa watu wote, kwa kuwa historia ya maisha yake haina ushahidi wa kutosha. Lakini jina lake limebaki katika kitabu cha mashahidi wa Roma, na wachimbaji hawakumsahau.

Fikiri basi, msomaji: kobold na Barbara walikuwa wakazi wa mgodi mmoja. Mtu ashukaye gizani, asiyejua kama atapanda tena, hana budi kumpa jina yule anayemwogopa, na jina yule anayemtumaini. Mchezo wa Darklands unadumu kwa sababu umetunza yote mawili. Haukuwacheka watu wale. Ulishuka nao mgodini na kuona kama walivyoona.

3. Jambo la kuangaliwa sana

Lakini imani za watu wa kale zina upande mwingine, na hapo mchezo wahitaji mzazi mwenye macho. Ndani ya Darklands wachawi wapo kweli. Mchezaji hufika kijijini, huona dalili za siri, na aweza kuwapiga watu wa kijiji kile kama watumishi wa shetani. Katika mchezo, hao ni watumishi wa shetani hasa. Katika Ujerumani ya kweli haikuwa hivyo.

Kati ya karne ya 15 na ya 18 watu kama 40,000 hadi 60,000 waliuawa katika Ulaya kwa kushitakiwa uchawi, na wengi wao walikuwa katika nchi za Wajerumani. Wengi walikuwa wanawake, wengi wazee na maskini. Walikiri kwa sababu waliteswa mpaka wakakiri. Mapadri na wakuu wengi walikubali hukumu hizo, na jambo hilo halifichiki.

Lakini alikuwapo pia padri mmoja Mjesuiti, Friedrich Spee, aliyepinga. Mwaka 1631 alitoa kitabu kwa Kilatini bila kuweka jina lake, kwani jambo lilikuwa la hatari. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mateso hayaleti ukweli, humfanya asiye na kosa aseme lolote. Mtu akinyamaza, husemwa shetani amemfunga kinywa, akilia, husemwa anajifanya, akikiri, huchomwa. Je, asiye mchawi atatoka wapi? Spee alikufa Trier mwaka 1635, baada ya kuambukizwa tauni akiwahudumia askari wagonjwa.

Kwa nini tunataja hayo? Kwa sababu kwetu jambo hili halijawa historia bado. Katika miji ya Kongo watoto wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi: baba amepoteza kazi, mama mdogo ameugua, na mtoto yatima ndiye aliyebebeshwa lawama. Bibi vizee nao wamepigwa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yaweka adhabu kwa mwenye kufanya hivyo. Sheria ipo. Kinachohitajika ni jirani mwenye moyo wa Spee.

Basi tumwambie kijana acheze, lakini tumwulize baada ya kucheza: "Wale uliowapiga kijijini, katika nchi ya kweli walikuwa nani?" Mchezo unaoonyesha hofu za kale ni mwalimu mzuri, iwapo yuko mtu wa kusema mahali hofu inapogeuka kuwa dhambi.

4. Ubao wa shanga

Sasa twaja kwetu. Nchi hii ya Kipushi ni ya Balamba, na mgodi uliwaleta Baluba, Babemba na watu wa makabila mengi. Katika Baluba wa kaskazini, kando ya Lualaba na maziwa ya Upemba, wazee walikuwa na chombo kiitwacho lukasa. Ni ubao mdogo wa mti, unaoshikwa kwa mkono mmoja, umejaa shanga za rangi, pengine na simbi, na mikato iliyochongwa. Waliojua kuusoma walikuwa watu wa chama cha Mbudye, na mabingwa wao waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu.

Mwenye kusoma aliushika ubao kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kuume alifuata shanga huku akisimulia au kuimba. Shanga moja kubwa iliyozungukwa na ndogo ilikuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga ulikuwa njia, safari ya mtu au uhamisho wa ukoo. Lakini shanga hazikuwa herufi. Ubao mmoja, wasomaji wawili, masimulizi mawili: kila mmoja alichagua njia yake kwa kadiri ya elimu yake, ya mfalme aliyemsikiliza, na ya shauri lililokuwa likikatwa siku ile. Je, si hivyo hasa afanyavyo mwenye kucheza Darklands? Ramani ni moja, safari ni nyingi.

Na habari iliyosimuliwa ilikuwa hii. Hapo kale alitawala Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mwenye jina la upinde wa mvua, mtu mkali na mlevi. Akaja kutoka mashariki mwindaji mweusi, Mbidi Kiluwe, mwenye adabu za kifalme, asiyekula mbele za watu. Mbidi akazaa na Bulanda, dada yake Nkongolo, mtoto aitwaye Kalala Ilunga. Kijana huyu alikua hodari, hata katika michezo ya masoko na bulundu alimshinda mjomba wake. Wivu ukamshika Nkongolo. Akachimba shimo, akasimika mikuki ndani yake, akalifunika mkeka, akamwita mpwa wake aje acheze ngoma juu yake. Kalala alionywa, wengine husema kwa mlio wa ngoma yenyewe, akatoroka, akakimbilia kwa baba yake. Alirudi na jeshi. Nkongolo akakamatwa akakatwa kichwa, na kichuguu kikaota juu ya kichwa chake. Kwa Kalala Ilunga ndiko kulikoanza ufalme mtakatifu wa Baluba, na kwa msaada wa mganga wake, Mijibu wa Kalenga.

Habari hizi ziliandikwa mapema na wamisionari. Padri Pierre Colle, wa shirika la Mapadri Weupe, alitoa vitabu viwili juu ya Baluba mwaka 1913. Baadaye wataalamu walibishana. Luc de Heusch, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alisema ni hadithi ya maana za ndani: mwekundu na mweusi, kiangazi na mvua. Thomas Reefe, mwaka 1981, alitafuta ndani yake historia ya ufalme wa kweli. Na wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi Sanga, kando ya ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, walikuta makaburi yenye vyungu, mapambo na misalaba midogo ya shaba, na mengine ya makaburi hayo yana umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Hawakukuta kaburi la Kalala Ilunga. Walikuta watu wa kweli, wenye mafundi na wakubwa wao, waliokaa pale pale ambapo masimulizi hutembea.

Basi si historia tupu, wala si uongo. Ni nchi ya kale kama wenyeji wake walivyoiamini. Ni kazi ile ile ambayo Hendrick aliifanya kwa Ujerumani, lakini Mbudye waliifanya kwa shanga, bila umeme, na kwa ajili ya kutawala watu vema. Kwani mfalme mpya alipotazama lukasa hakuburudika tu. Alionywa asiwe Nkongolo.

5. Hadithi moja, watoto wengi

Kuna jambo zito tusiloweza kuliruka. Mwaka huo huo wa 1992, mchezo ule ulipotoka Marekani, katika Katanga watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa katika nyumba zao. Kule Likasi, na mwaka 1993 kule Kolwezi, maelfu walilala kwenye vituo vya reli wakingojea gari moshi, na wengi walikufa njiani au pale pale kwa njaa na magonjwa. Jirani alimfukuza jirani. Waliokula meza moja katika kambi ya wachimbaji waliambiana, "Ninyi ni wageni."

Sasa sikiliza masimulizi ya wazee wa Kasai. Baluba wa Kasai husema ya kwamba wazazi wao walitoka mashariki, katika Katanga, mahali paitwapo Nsanga Lubangu. Yaani wafukuzaji wengi na wafukuzwa wengi walikuwa na jina moja la kabila na kumbukumbu ya chanzo kimoja. Kama mtu angeshika lukasa siku zile na kufuata mstari wa shanga mpaka mwisho, kidole chake kingefika kwenye nyumba ya yule anayemfukuza.

Ndiyo sababu twasema ya kwamba hadithi za kale si mchezo wa watoto. Jamii isiyojua hadithi yake huandikiwa hadithi na mwanasiasa wa siku ile, naye ataandika inayomfaa yeye. Anayejua njia ndefu waliyopita babu zake atasita kumwita mwenzake mgeni, kwani atakumbuka ya kwamba Mbidi Kiluwe mwenyewe, baba wa wafalme, alikuwa mgeni aliyepokelewa.

6. Yatupasayo kufanya

Tukusanye maneno. Mchezo wa Darklands haukuzeeka kwa sababu tatu. Ulitumia mahali pa kweli na majina ya kweli. Uliheshimu imani za watu waliokufa, haukuzicheka. Na ulimwachia mchezaji achague njia yake mwenyewe. Matunda yake bado yanaonekana: Josh Sawyer, mtengenezaji wa mchezo wa Pentiment uliotolewa mwaka 2022, wenye habari za abasia ya Bavaria katika karne ya 16, amesema wazi ya kwamba Darklands ni mmoja wa michezo iliyomwongoza. Mbegu ya mwaka 1992 imezaa baada ya miaka 30.

Lukasa ilikuwa na sababu hizo hizo tatu, na ya nne juu yake: ilikuwa na mtu mzima wa kuisoma mbele ya kijana. Leo mbao za lukasa zimo katika majumba ya makumbusho ya mbali. Moja iko Brooklyn, katika mji wa New York. Mwaka 1996 zilionyeshwa huko New York, na Wamarekani wengi walizitazama kwa mshangao. Lakini ubao ulio ndani ya kioo haumwonyi mfalme yeyote. Mti upo, shanga zipo. Kidole na mdomo havipo.

Wengine watasema, "Sisi hatuwezi kutengeneza mchezo wa kompyuta." Mbona wa Kamerun wameweza? Kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa mwaka 2016 mchezo uitwao Aurion, wenye habari za wafalme wa Kiafrika wa kubuni. Kijana wa Kipushi aliyesoma hesabu anaweza siku moja kumtembeza Kalala Ilunga kando ya Lualaba, na mtoto wa Bavaria akaucheza mchezo huo usiku kucha. Hatuoni sababu ya kutowezekana.

Lakini kijana huyo atapata wapi habari za kuweka ndani? Hapo ndipo kazi yetu sisi tusiojua kompyuta. Wazazi, walimu, wakubwa wa jumuiya, tufanye haya. Mzee aliye nyumbani aulizwe majina ya vilima, ya mito na ya machifu, na majibu yaandikwe katika daftari, pamoja na jina la aliyesema na tarehe. Mchimbaji aliyestaafu aulizwe waliogopa nini chini kabla ya mwaka 1993, na walimwomba nani. Bibi wa Kilamba na bibi wa Kasai wakalishwe pamoja, kila mmoja asimulie babu zake walipita njia gani. Na yule ambaye watu humnong'onezea jina la mchawi, huyo ndiye aulizwe kwanza, mbele ya wote, na apewe kiti.

Daftari moja la namna hiyo katika kila jumuiya ndogo lingekuwa lukasa yetu. Wazee wetu walitumia mti na shanga kwa kuwa hivyo ndivyo walivyokuwa navyo. Sisi tuna karatasi na kalamu, na bado tuna wazee wachache waliobaki. Karatasi yaweza kungoja mwaka ujao. Wazee hawawezi.